Nyumba mpya ina kasoro na mkandarasi hashiki simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na pembeni mwake hunirudia nayo tangu nilipomaliza mvutano wangu na mtu aliyenijengea nyumba Kiamunyi. Mimi si wakili. Nilijifunza kwa kuchelewa, na nimeyaandika ili wewe usichelewe. Kama shida yako tayari imefika mahakamani, ruka hadi sehemu ya tatu.

## Sehemu ya kwanza: mambo ya msingi

1. Nimehamia juzi na tayari naona nyufa na maji. Nianze na nani?

Anza na kalamu na kamera ya simu, kabla hujampigia fundi. Chora mstari mdogo wa penseli pale ufa unapoishia kila upande na uandike tarehe hapo hapo ukutani. Weka sarafu ya shilingi kumi kando ya ufa ndipo upige picha, ili mtu asiyejua nyumba yako aone ukubwa. Piga picha ya karibu, kisha nyingine kutoka mlangoni ionyeshe chumba chote. Kwa maji, piga picha mvua ikiwa bado inanyesha, maana kesho ukuta utakuwa umekauka na mtu atakuambia uliota.

Mimi sikufanya hivyo. Mvua ya Aprili ilipopenyeza maji chini ya dirisha la sebule nilimpigia mkandarasi, naye akaniambia kwa upole, "Mama, huo ni unyevu wa nyumba mpya, utakauka wenyewe." Nilimwamini miezi minane. Nilipokuja kudai, sikuwa na hata picha moja ya mwezi wa kwanza.

Ukishaweka kumbukumbu, mwandikie siku hiyo hiyo. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye picha na tarehe unatosha kwa mwanzo. Barua yenyewe iko katika swali la 7.

2. Ufa upi ni wa kawaida na upi ni wa kuogopa?

Nyufa nyembamba kama uzi, zinazotambaa juu ya plasta kama utando wa buibui, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka kwa sababu haikumwagiliwa maji vya kutosha. Zinaudhi, lakini nyumba haianguki. Fundi anapaswa kuziziba na kupaka rangi upya.

Ufa wa kuogopa una tabia zake. Huanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari. Hufuata maungio ya mawe kama ngazi. Huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ukitoka nje unauona mahali pale pale. Na mlango uliokuwa ukifunga vizuri Januari unakwama Machi.

Kuna kipimo cha bei rahisi: chukua kipande chembamba cha kioo, ukibandike kwa gundi kali kukatiza ufa, uandike tarehe juu yake. Kuta zikiendelea kusogea, kioo hupasuka. Kikikaa mzima misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi, huenda ufa umetulia. Kikipasuka wiki ya pili, usingoje wiki ya tatu. Mwite mhandisi (swali la 10).

3. Kipindi cha dhamana ni nini, na changu ni cha muda gani?

Ni muda ambao mkandarasi anawajibika kurudi na kurekebisha kasoro bila malipo baada ya kukukabidhi nyumba. Soma mkataba wako. Mikataba mingi ya ujenzi nchini huweka miezi 6 au 12, na ndani ya muda huo mwenye nyumba hushikilia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, ambayo huitoa kasoro zikiisha.

Watu wengi hudhani kipindi hicho kikipita basi mambo yameisha. Sivyo. Kinachokwisha ni wajibu wa fundi kurudi saiti, pamoja na nafasi yake ya kurekebisha mwenyewe. Haki yako ya kumdai kwa kuvunja mkataba inaendelea kwa miaka kadhaa. Tazama swali la 17.

4. Hatukuandikiana chochote. Nina haki?

Unayo. Mkataba wa kujenga nyumba unaweza kuwa wa mdomo na bado ukawa mkataba. Shida ni kuuthibitisha. Kusanya taarifa yako ya M-Pesa ya kipindi chote cha ujenzi, jumbe zote, risiti za hadwea, michoro aliyoitumia, na majina ya watu waliokuwa saiti mlipokubaliana bei. Kile kidaftari cha matumizi ulichokuwa ukiandika jioni kwa mkono ni ushahidi mzuri. Usikitupe kwa sababu kimechafuka simiti.

Ununuzi wa ardhi au wa nyumba pamoja na kiwanja ni jambo jingine. Huo, kwa Sheria ya Mikataba, lazima uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa.

5. Mimi ndiye niliyenunua vifaa, fundi alileta mikono tu. Kasoro ni ya nani?

Hili ndilo swali linalogombanisha watu wengi zaidi huku kwetu, kwa sababu nyumba nyingi hujengwa hivi hivi: mwenyewe ananunua mawe na simiti, fundi analipwa kwa kazi. Jibu hutegemea kasoro ilizaliwa wapi.

Kama ukuta haukufuata timazi, kama slabu haikumwagiliwa maji, kama nailoni ya kuzuia unyevu haikutandazwa juu ya msingi, hiyo ni kazi ya mikono na fundi anaibeba. Haijalishi nani alilipia simiti. Kama uchanganyaji ulikuwa mwepesi kuliko mlivyokubaliana, pia ni yake, isipokuwa wewe ndiye uliyemwambia apunguze mifuko. Hapo sema ukweli kwa nafsi yako kabla ya kusema kwa hakimu, kwa sababu foremani aliyekusikia ukisema "weka tu kidogo" ataitwa kuwa shahidi.

Vifaa vibovu ulivyonunua ni vyako. Hata hivyo, fundi anayejiita fundi anatarajiwa kukuonya. Mchanga wenye udongo mwingi unajulikana kwa macho, na ukitia shaka kuna jaribio la chupa: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga umekaa chini na tabaka la tope juu yake. Tope likiwa nene, mchanga huo haufai zege. Fundi aliyeona mchanga wa namna hiyo akaendelea kukoroga bila kusema neno, ana sehemu yake ya lawama.

Kasoro ikitokana na mchoro, kwa mfano nguzo chache kuliko zinavyohitajika, basi unamgeukia aliyechora.

6. Sikujenga. Nilinunua nyumba iliyokamilika katika mtaa mpya. Je, ni tofauti?

Ndiyo. Mkataba wako ni wa kuuziwa, na anayewajibika kwako kwanza ni aliyekuuzia, wala si mafundi wake, ambao hukuwaajiri. Usikubali kutumwa kwa "yule jamaa wa mabomba". Mwandikie muuzaji.

Angalia mambo mawili kwenye mkataba: kama muuzaji aliahidi kurekebisha kasoro na kwa muda gani, na kama kuna kifungu kinachosema umeinunua nyumba jinsi ilivyo. Kifungu hicho hukudhoofisha kwa kasoro ambazo ungeziona kwa macho. Hakimsafishi mtu aliyeficha kasoro kwa makusudi, kama kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa. Uliza pia cheti cha kaunti cha kuruhusu nyumba kukaliwa. Nimeona familia zilizohamia nyumba ambazo hazikuwahi kupata cheti hicho, na hawakujua cha kuuliza.

Kama bado hujachukua funguo, una nguvu ambayo hutakuwa nayo tena. Zunguka nyumba mchana na mtu anayeelewa ujenzi, fungua kila bomba, vuta maji kila choo, washa kila taa, panda darini. Andika orodha ya kasoro, muuzaji atie sahihi, ndipo upokee funguo.

## Sehemu ya pili: kumdai mkandarasi

7. Barua ya madai inaandikwaje?

Fupi, bila matusi, bila historia ya urafiki. Mfano:

"Kwako Bwana Mkandarasi. Tarehe 14 Februari ulinikabidhi nyumba uliyonijengea katika kiwanja changu. Tangu hapo zimeonekana kasoro hizi: (a) maji kupenya chini ya dirisha la sebule, (b) ufa wa kimshazari ukuta wa chumba cha pili, (c) sakafu ya bafu kuinama kinyume na mtaro. Picha zimeambatishwa. Naomba ufike kukagua ndani ya siku 7 na kukamilisha marekebisho ndani ya siku 30 tangu upokee barua hii. Usipofika, nitamwajiri mwingine na kukudai gharama. Wako, ..."

Tuma nakala kwa barua pepe na kwa WhatsApp, na nyingine mpelekee kwa mkono, aliyeipokea aandike jina, tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Akikataa kuitia sahihi, aliyekusindikiza na aandike kwamba ilipelekwa na ikakataliwa.

Barua yangu, ikiwa na ripoti ya mhandisi nyuma yake, ilifanya katika siku tisa kile ambacho simu hazikufanya kwa miezi minane. Alikuja na foremani na ngazi, wakabandua kizingiti cha dirisha, tukaona sote kwamba chini yake kulikuwa wazi, bila chokaa wala kizuia maji. Hakukuwa na la kubishania tena.

8. Naweza kuzuia pesa za mwisho?

Kama mkataba unaruhusu kushikilia asilimia fulani, shikilia hiyo. Kama hauruhusu, bado unaweza kupunguza gharama ya marekebisho kwenye anachokudai, lakini kiasi unachozuia kilingane na kasoro. Kumnyima mtu laki nne kwa sababu ya kitasa cha mlango ni kumpa kesi ya kukushtaki wewe. Mweleze kwa maandishi umezuia kiasi gani na kwa nini.

9. Je, nilete fundi mwingine arekebishe sasa hivi?

Usilete kabla ya kumpa wa kwanza nafasi ya kukagua, isipokuwa kuna hatari: waya zinazotoa cheche, dari inayoning'inia, maji taka yanayorudi ndani. Hapo okoa watu kwanza, piga picha kila hatua, na uhifadhi kilichotolewa. Kipande cha bomba kilichopasuka, kikiwa ndani ya mfuko wenye tarehe, kinaeleweka na kila mtu.

Akishakataa au kupuuza barua, chukua makadirio ya mafundi wawili au watatu kwa maandishi, kisha endelea. Usikae miaka miwili ukiacha maji yaoze dari ili dai likue. Mahakama hutarajia mtu azuie hasara yake isizidi pale anapoweza.

10. Ni lazima nimlipe mtaalamu?

Kwa rangi iliyobanduka, hapana. Kwa msingi, slabu, nguzo au paa, ndiyo, na nasema hivi nikijua pesa zimekwisha kwa ujenzi. Bila ripoti, ni neno lako dhidi ya neno la mtu ambaye ujenzi ni kazi yake.

Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kwa thamani ya kazi iliyofanyika na isiyofanyika, tafuta mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Hao, pamoja na wasanifu majengo, wana bodi yao ya usajili. Mwombe aandike mambo manne: kasoro ni ipi, imesababishwa na nini, inarekebishwaje, na kwa gharama gani. Ripoti inayosema tu "kazi ni mbovu" haina kazi. Zege likitiliwa shaka, kuna kifaa cha kugonga juu ya zege ili kupima ugumu wake bila kulivunja, na kuna kutoboa na kuchukua sampuli ya kupeleka maabara, ambayo hutoa jibu la uhakika zaidi.

Mjulishe mkandarasi siku ya ukaguzi. Asipokuja, hataweza kusema alifanyiwa siri.

## Sehemu ya tatu: wapi pa kwenda

11. Chifu au wazee wa mtaa wanaweza kutatua?

Wanaweza, na mara nyingi ndiko kuna njia fupi. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Chifu hawezi kumlazimisha mtu alipe, lakini fundi anayeishi mtaa ule ule hapendi jina lake litajwe barazani.

Mkikubaliana, andikeni: nani atafanya nini, lini, na nini kitafuata asipofanya. Wote mtie sahihi pamoja na mashahidi wawili. Makubaliano ya mdomo mbele ya wazee husahaulika wazee wakishaondoka.

12. Nikishtaki kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA, nitalipwa?

Hutalipwa kupitia huko. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Inasajili wakandarasi kwa madaraja kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, inakagua saiti, na inaweza kumchukulia hatua mkandarasi hata kumsimamisha. Fidia yako haiko mikononi mwake.

Bado inafaa kupeleka malalamiko. Mkandarasi anayetegemea leseni kupata kazi za kaunti anasikia haraka zaidi akijua faili lake linaweza kuguswa. Utapata pia kujua kama alikuwa amesajiliwa na kwa daraja lipi. Kuna ofisi Nakuru, Kisumu na Eldoret.

13. Nimpeleke polisi?

Kazi mbovu ni shauri la madai, si jinai, na polisi watakuambia hivyo. Ni jinai pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili apate pesa zako, kwa mfano alijifanya mhandisi, au alichukua pesa za mabati kwa risiti bandia. Kujipatia pesa kwa udanganyifu kuna kifungo cha hadi miaka 3 chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini kumtia mtu seli ili tu alipe deni la mkataba huweza kukugeukia.

14. Mahakama ya Madai Madogo inafanyaje kazi?

Kwa wengi wetu hii ndiyo mahakama. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na tangu marekebisho ya 2020 inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mkataba wa huduma, kama wa fundi, umo ndani yake. Nakuru na Kisumu zina mahakama hizi.

Huhitaji wakili, ingawa unaruhusiwa kuwa naye. Unajaza fomu ya dai, unaambatisha karatasi zako, unalipa ada, unampelekea mshtakiwa nakala. Unaweza kuzungumza Kiswahili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, kwa hiyo jumbe zako za simu na kile kidaftari vitasomwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu.

Panga karatasi kwa tarehe na uzipe namba za kurasa. Mbele kabisa weka ukurasa mmoja wenye safu tatu: kasoro, ushahidi uko ukurasa gani, gharama ya kurekebisha. Mwamuzi ana kesi nyingi siku hiyo. Ukimfungulia njia, atakuelewa.

Huwezi kuligawa dai la milioni moja na nusu kuwa kesi mbili. Unaweza kuamua kudai milioni moja pekee, lakini hiyo nusu umeiacha kabisa.

15. Na dai likizidi milioni moja?

Unaenda kwa hakimu. Hakimu mkazi husikiliza hadi milioni 5, na ngazi hupanda hadi hakimu mkuu, milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Hapa chukua wakili. Jumbe na picha za simu zitahitaji cheti kinachoeleza zilivyotolewa kwenye kifaa, kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi. Mkumbushe wakili mapema. Uliza pia kuhusu upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ambao unaweza kumaliza kesi kabla ya kusikilizwa.

16. Mkataba unasema mzozo uende kwa mwamuzi wa kibinafsi. Ni lazima?

Kwa kawaida, ndiyo. Ukikimbilia mahakamani, mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe hadi mwamuzi asikilize, mradi aombe mapema. Uamuzi wake una nguvu na ni vigumu kuupindua. Gharama yake mnailipa nyinyi, kwa hiyo kwa dai la laki mbili jaribu kwanza kukubaliana kwa maandishi muache kifungu hicho na muende Mahakama ya Madai Madogo.

17. Nina miaka mingapi kabla haki yangu haijapotea?

Miaka 6 kwa kuvunja mkataba, na 3 kwa uzembe usiotokana na mkataba. Jihadhari: ile sita huhesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, yaani kazi mbovu ilipofanywa, hata kama kasoro umeiona baadaye. Kama kasoro ilifichwa kwa hila, muda huanza ulipoigundua, au ulipopaswa kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Mazungumzo ya "nitakuja wiki ijayo" hayasimamishi saa.

## Sehemu ya nne: hali zisizo za kawaida

18. Mkandarasi anasema kazi yake ni safi, ni ardhi iliyosonga. Je, ameponyoka?

Usilikubali wala kulikataa neno hilo kabla ya kuuliza: nani alipaswa kuijua ardhi hiyo kabla msingi haujachimbwa?

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai. Sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkeno, ambayo maji ya mvua huyachimba kwa chini huku juu pakionekana salama. Mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Kisumu ina shida nyingine. Kuelekea Nyamasaria na nyanda za Kano udongo ni mweusi na mzito; kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia, na mvua ikija huvimba na kuinua sakafu. Fundi anayejenga huko anayajua haya tangu alipokuwa akibeba karai. Udongo mweusi huchimbwa na kutolewa, pakajazwa mawe na maramu iliyoshindiliwa, au mhandisi akachora msingi unaofaa. Aliyeweka msingi wa kawaida juu yake hawezi kusema ni kazi ya Mungu.

Lakini kama mhandisi alishauri udongo upimwe nawe ukasema pesa hakuna, mzigo unarudi kwako, na barua yake ya ushauri itatolewa.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuchimba. Mhandisi na mkandarasi wakiwepo, chimba shimo kando ya ukuta wenye ufa hadi uone msingi ulipoanzia, kisha upime kwa futi na ulinganishe na mchoro. Mtu mmoja wa Mamboleo alichimba akakuta msingi umekatishwa juu ya udongo ule ule mweusi, futi moja na nusu kabla ya kina kilichochorwa. Habari za ardhi kusonga ziliishia hapo.

19. Fundi ni binamu yangu, nami niko ng'ambo. Nitamdai vipi bila kuvunja ukoo?

Hili huumiza kuliko nyufa zenyewe. Mtu ametuma pesa kila mwezi kutoka Doha au Dallas, ametumiwa picha za ukuta unaopanda, amerudi Desemba akakuta ukuta ule ni wa jirani. Mama anasema, "Mwanangu, huyo ni damu yako."

Tenganisha mambo mawili: pesa zilizofika saiti lakini kazi ikawa mbovu, na pesa ambazo hazikufika saiti kabisa. La kwanza ni kasoro kama nyingine. La pili ni hesabu, na ndilo la kuanza nalo. Mlipe mkadiriaji asiyejuana na ukoo wenu apime kilichosimama na aseme kiligharimu takriban kiasi gani. Weka karatasi hiyo kando ya taarifa ya pesa ulizotuma. Kaa na mzee mmoja ambaye nyote wawili mnamheshimu, umwonyeshe karatasi hizo mbili, umwache azisome kabla hujasema neno. Nimeona mara kadhaa kwamba ukoo unaotetea mtu haujui kutetea tarakimu.

Kama atakubali kulipa, hata kwa ng'ombe au kwa kipande cha ardhi, iandikwe. Na ardhi isipohamishwa kisheria, hujalipwa. Kazi iliyobaki mpe mtu mwingine, na mlipe kwa hatua: msingi umekaguliwa, lipa, linta imekaguliwa, lipa.

20. Ametoroka mjengo ukiwa nusu.

Usiruhusu mtu aguse saiti kabla kazi haijapimwa. Mkadiriaji aandike kilichofanyika, vifaa vilivyobaki, na thamani yake. Mpe mkandarasi ilani ya kuvunja mkataba kwa njia zile za swali la 7. Unachoweza kudai ni ulicholipa kupita thamani ya kazi, na gharama ya ziada ya kumalizia. Kama kazi iliyosimama inazidi ulicholipa, jua kwamba ni yeye anayekudai.

21. Kampuni imefungwa, au mkandarasi amefariki.

Kwa kampuni, tafuta kwanza hati ya CR12 kupitia eCitizen. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mkurugenzi hawajibiki binafsi kwa deni la kampuni isipokuwa kuna udanganyifu, lakini kampuni "iliyofungwa" mara nyingi bado iko hai kwenye rejista. Mtu akifa, dai la mkataba halifi naye. Hulipwa na mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Ngoja matanga yaishe, kisha andika.

22. Tumegundua ukuta umevuka bikoni na kuingia kwa jirani.

Acha ujenzi siku hiyo. Mwite mpimaji aliye na leseni. Kwa ardhi nyingi zenye mipaka ya jumla, msajili wa ardhi ndiye anayeamua mpaka kwanza, na mahakama haitasikiliza kabla yake. Baada ya hapo ndipo utajua kama kosa ni la mkandarasi aliyepuuza bikoni au ni lako uliyemwonyesha bikoni isiyo yenyewe. Jirani usimtume kwa fundi. Kwake, aliyevuka ni wewe.

23. Nimeshinda kesi lakini halipi.

Hukumu haitembei yenyewe. Unaomba mahakama iitekeleze: dalali akamate mali yake, au pesa zilizo kwenye akaunti yake ya benki zizuiwe. Ndiyo maana hifadhi mapema namba ya akaunti uliyomlipia, namba za magari yake, na mahali anapojenga sasa hivi. Una miaka 12 ya kuifuatilia hukumu, hivyo aliye mikono mitupu leo anaweza kuwa na lori mwakani.

Akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali kwa maandishi yanayosajiliwa mahakamani, yenye sharti kwamba akikosa awamu moja deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Awamu ya kwanza aitume kabla hujatia sahihi.